Hamisha kanyagio, mwanangu, ila breki usiiache nyuma

Leo sina habari ya nani kamwacha nani wala nani kahamia kwenye mjengo gani. Leo naongelea miguu. Miguu ya madereva wa bodaboda, hasa hawa wa kwetu Kigoma, wanaoshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri mpaka watu wa Mwanga Sokoni wanapofunga vibanda.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni picha mbili zilizozunguka kwenye status za watu. Ya kwanza ni ya msanii mmoja mkubwa tu, jina nalihifadhi. Amekaa juu ya pikipiki kubwa ya Kimarekani, kaegemea nyuma, miguu kainyoosha mbele kama yuko sebuleni kwake anaangalia mpira. Watu wakamwaga vikopakopa: "swaga hizo", "levo nyingine", "maisha ndiyo haya". Ya pili ni ya dereva boda mmoja wa Mwanga, naye jina nalihifadhi. Huyu Boxer yake kaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, kaongezewa vipande viwili vya nondo kwenye bampa la mbele, akavizungushia mpira wa tyubu, na yeye kanyoosha miguu vilevile. Duh! Yule ndugu alichambuliwa kama karanga. "Mshamba huyo", "anajiona yuko Marekani", "trafiki wako wapi".

Mkao uleule. Mmoja swaga, mwingine mshamba. Na kule kijiweni kwake nako kuna waliomsifia mpaka wengine watatu wakataka kwenda kwa fundi yuleyule.

Mimi nasema hivi: waliomcheka wamekosea, na waliomsifia nao wamekosea. Kutaka kukaa vizuri kwenye chombo kinachokulisha ni haki yako, wala siyo ubishoo. Ila huyu ndugu yetu kahamisha miguu, halafu gia na breki kaviacha kulekule vilipokuwa. Kesi yangu iko hapo tu, na ndiyo nataka tuijadili bila kutukanana.

Tuanze kwa kuheshimu maumivu

Ambaye hajawahi kushinda juu ya pikipiki anadhani kazi ya boda ni kukaa tu na kusubiri abiria. Nenda kawaulize jioni. Watakuambia magoti, kiuno, na ganzi kwenye nyayo. Mtu anashuka anatembea kama kavuka ziwa kwa mtumbwi, miguu haijakubali kama imefika nchi kavu.

Sababu haijifichi. Hizi pikipiki tunazoziona kila kona, Boxer ya Bajaj, HLX ya TVS na nyingine za Kichina, zinaundwa kwa maelfu kwa maelfu. Aliyeziunda hakujua kama atakayepanda ni kijana wa futi tano au ni jitu la futi sita na ushee. Akakadiria mtu wa kati, akaweka kanyagio hapa, pedeli ya gia pale, breki pale, akafunga boksi. Ukiwa mrefu, goti linakunjika mno mpaka linakaribia mpini unapokata kona. Ukiwa mfupi, unanyoosha vidole kuitafuta gia kama mtu anayetafuta ndala uvunguni gizani.

Halafu kuna mtikisiko. Injini ya silinda moja ikikoroma kutwa nzima, ule mtetemo unapita kwenye chuma cha kanyagio unaingia kwenye unyayo. Kinachousaidia mguu ni ule mpira unaovalishwa kwenye kanyagio. Sasa pita pale kijiweni ukaangalie: pikipiki ngapi mpira umelika mpaka kimebaki chuma kitupu? Na aliyekanyaga hapo kavaa yeboyebo.

Tuje kwenye kubadili gia. Tuseme safari moja fupi ya mjini dereva anabadili gia mara 20, na kwa siku anapiga safari 30. Hizo ni mara 600 mguu wa kushoto umenyanyuka na kushuka. Kama pedeli imekaa vibaya kwa sentimita mbili tu, hiyo sentimita mbili unailipa mara 600 kila siku, Jumapili mpaka Jumapili. Mtu akikuambia kifundo cha mguu kinamuuma usimwambie aache uvivu.

Kwa hiyo dereva wetu wa kwenye picha hakukurupuka. Mwili ulimwambia nyoosha mguu, akatafuta pa kuunyooshea. Sehemu ya kwanza aliyoiona ni bampa.

Mteremko wa Stesheni haujali swaga

Wenyeji mnajua jiografia yetu. Mwanga iko juu, reli na bandari ziko chini kule ziwani. Ukibeba abiria anayewahi treni au mzigo wa bandarini, unashuka. Ukienda Kibirizi kuchukua dagaa au kuwapeleka watu kwenye boti za kwenda vijiji vya kaskazini, unashuka pia. Mji wetu ni wa kupanda na kushuka, na anayeshuka na mzigo anahitaji breki kuliko anavyohitaji picha.

Madereva wetu wengi breki yao ya kutumainia ni ya mguu. Ile ya mkono, ya tairi la mbele, wanaiogopa, hasa kwenye changarawe na matope, kwa sababu tairi la mbele likiteleza umeshaanguka. Mimi naona nayo wangeizoea, maana kwenye lami kavu tairi la mbele ndilo linalosimamisha pikipiki zaidi. Lakini tuongelee hali ilivyo: mguu wa kulia ndio breki.

Sasa mguu wa kulia uko mbele kwenye nondo ya bampa. Mtoto kavuka barabara kukimbilia mpira. Dereva anatakiwa autoe mguu kwenye bampa, aurudishe nyuma, aitafute pedeli, ndipo akanyage. Tuseme yeye ni mwepesi kweli, yote hayo yanamchukua nusu sekunda ya ziada. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakula mita 11 kila sekunda. Nusu sekunda ni mita tano na nusu hivi, na breki bado haijaguswa. Mita tano na nusu ni kutoka hapa ulipo mpaka ng'ambo ya barabara nyingi za mtaani kwetu. Mtoto yuko ndani ya hizo mita.

Na hapo sijaongelea mguu wenyewe. Bampa limewekwa ili pikipiki ikianguka ubavu lipokee kishindo badala ya injini na ugoko wako. Ukiutanguliza mguu mbele ya bampa, umegeuza mpangilio: sasa mguu ndio unaokinga bampa. Na nondo iliyochomelewa haraka haraka pembeni mwa bampa haikupimwa kubeba uzito wa mtu anayejiinua kila anapoona shimo. Ikitetemeka miezi kadhaa, ule mshono wa fundi unaanza ufa usioonekana. Unakatika siku gani? Siku umeuegemea.

Yule msanii ana kitu ambacho boda wetu hana

Turudi kwa staa wetu. Kwa nini yeye miguu yake mbele haina shida? Siyo kwa sababu ana hela. Ni kwa sababu zile pikipiki kubwa za kuchili, mfano nyingi za Harley-Davidson, zilipohamisha kanyagio kwenda mbele zilihamisha na pedeli ya gia na pedeli ya breki. Ukikaa umenyoosha mguu wa kulia, breki iko chini ya vidole vyako hapohapo. Ukinyoosha wa kushoto, gia iko hapo. Kuna rodi ndefu zinazorudi nyuma mpaka kwenye injini na kwenye breki. Mguu umehama na nyumba yake yote: kitanda, sufuria, mpaka jiko.

Pikipiki za mashindano zinafanya kinyume. Miguu inarudishwa nyuma na juu ili dereva alale kifudifudi kwenye tenki, na bado gia na breki vinarudi nyuma pamoja na kanyagio. Mbele au nyuma, kanuni ni hiyohiyo: kanyagio likihama, breki na gia vihame nalo. Dereva wetu wa Mwanga alihamisha kitanda, jiko akaliacha nyumba ya zamani. Kila akitaka kupika anarudi mbio.

Kwa hiyo wanaosema "pikipiki isiguswe, iachwe kama ilivyotoka kiwandani" nao watulie kidogo. Kiwanda siyo msahafu. Zamani pikipiki nyingi za Kiingereza, Triumph na wenzake, zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Nyingine zikawa kinyume. Ni miaka ya 1970 ndipo Marekani ilipoweka sharti kwamba kuanzia matoleo ya 1975 gia iwe kushoto na breki kulia, na viwanda vikafuata kwa sababu soko ni kubwa. Hiki tunachokiona leo kama amri kilipangwa na watu mezani.

Na kuna mfano mzuri zaidi kwa watu wa kazi. Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub, kile kipikipiki kidogo ambacho kufikia 2017 kilikuwa kimeshaundwa zaidi ya milioni 100. Klachi ya mkono hakina, gia unaibadili kwa mguu tu. Inasimuliwa kwamba walitaka hata yule kijana anayepeleka vyakula kwa wateja aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika trei. Yaani walianza na kazi ya mtu, pikipiki ikafuata. Dereva wa Kigoma mwenye madumu ya mawese nyuma anastahili heshima hiyohiyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza, ikabidi ajiulize mwenyewe kwa nondo.

Kabla ya kuchomelea chochote, kuna spana

Kinachoniuma ni kwamba madereva wengi wanakimbilia kwa fundi wa kuchomelea wakati robo tatu ya starehe wanayoitafuta ipo tayari kwenye pikipiki, bure, inasubiri spana. Nimeongea na fundi mmoja mzoefu wa mjini hapa, mtu wa maneno machache, akaniambia wateja wanaomwomba arekebishe pedeli ni wachache kuliko wanaomwomba afunge taa za rangi. Jamani.

Cha kwanza ni pedeli ya gia. Imekaa kwenye shafti yenye meno madogo madogo kuzunguka. Ukitoa ile bolti inayoibana (itoe yote, maana mara nyingi imepita kwenye mfereji wa shafti), unaivuta pedeli, unaizungusha jino moja juu au chini, unairudisha, unakaza. Weka alama kwa kalamu kabla hujaitoa ili ujue ilipokuwa. Jino moja tu linabadilisha maisha. Ila kama pikipiki yako ina pedeli ya pande mbili, ya vidole mbele na ya kisigino nyuma, kumbuka ni kama bembea ya watoto: ukipandisha mbele, nyuma inashuka. Panda, kaa kama unavyokaa ukiwa kazini, ujaribu pande zote mbili ukiwa na kiatu unachovaa kila siku. Ukipima kwa ndala halafu kesho mvua inyeshe uvae gambuti, gambuti halitaingia chini ya pedeli, utakwama na gia ya pili mpaka Ujiji.

Cha pili ni pedeli ya breki. Inatakiwa ikae mahali ambapo mguu ukiwa umetulia kwenye kanyagio, vidole viko juu yake bila kuigusa, na ukitaka kukanyaga unainamisha kifundo tu, hunyanyui mguu mzima. Pikipiki nyingi zina bolti ndogo ya kuzuia pedeli isipande zaidi. Hiyo ndiyo unayoichezea kupandisha au kushusha. Ukishamaliza, nenda nyuma kwenye tairi, kuna nati mwishoni mwa rodi ya breki. Irekebishe mpaka pedeli iwe na mchezo kidogo kabla breki haijaanza kushika. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 mpaka 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachosema la mwisho. Simamisha kwenye stendi kubwa, zungusha tairi kwa mkono. Lizunguke huru, na ukikanyaga lisimame. Halafu angalia taa ya breki: iwake ukikanyaga, izime ukiachia.

Hili la pedeli ya breki silisemi kwa ajili ya starehe peke yake. Pedeli ikiwa juu mno, dereva anachoka kuning'iniza mguu, anaulaza palepale juu ya pedeli. Breki inashika kidogo kidogo safari nzima. Brekishu zinaisha kabla ya wakati, ngoma ya breki inapata moto, mafuta yanaenda, na taa ya nyuma inawaka muda wote mpaka aliye nyuma yako hajui lini unasimama kweli. Kumbe dereva unayemlaumu kwamba "hajali breki" labda pedeli yake ndiyo imekaa vibaya.

Cha tatu ni ule mpira wa kanyagio. Nunua mpya. Ni kitu kidogo kwenye duka la spea, na hakuna urembo wowote wa pikipiki utakaoushukuru mwili wako kama huo. Kuzungushia vipande vya tyubu ni sawa kwa dharura, ila tyubu ikilowa inateleza kama mgebuka aliyetoka kuvuliwa, na kwetu mvua zikianza huwa hazina haraka ya kuondoka.

Fanya hayo matatu, kaa wiki moja, uusikilize mwili wako. Kama bado unaumia, basi ndiyo tuongelee kuhamisha kanyagio.

Ukiamua kuhamisha, hamisha kweli

Wapo ambao hata jino la gia haliwatoshi. Mtu mrefu sana, au mwenye goti lililowahi kuumia. Huyu ana haki kabisa ya kusogeza kanyagio. Ila asogeze kwa masharti.

Sharti la kwanza nimeshalisema: pedeli zote mbili zije nalo. Fundi akikuambia "kanyagio nakusogezea, breki utaizoea", mshukuru, chukua funguo zako, ondoka.

Pili, kifungwe kwa bolti na vibano, siyo kuchomelewa kwenye fremu. Cha bolti unakifungua ukigundua hakikufai. Cha kuchomelea kwenye fremu umeshaoa.

Tatu, usishushe chini sana. Pikipiki ikilala kwenye kona, kanyagio ndilo linalokaribia lami. Nondo ngumu isiyokunjika ikigusa chini inaweza kuinua tairi la nyuma, na hapo hakuna dereva hodari. Ndiyo maana pikipiki nyingi zina makanyagio yanayokunjika kwenda juu. Kikigusa kinakunjika, safari inaendelea.

Nne, kiki. Siyo zile kiki za mastaa wetu, hii ya kuwashia. Ishushe mpaka mwisho uone kama haigongi kanyagio jipya. Utakuja kuligundua hilo asubuhi ya mvua, abiria kashapanda, betri imekufa.

Tano, baada ya yote nenda sehemu tupu, piga breki za ghafla mara kumi bila abiria. Kama mguu umeikosa pedeli hata mara moja, kazi haijaisha.

Wakati mwingine kosa siyo la miguu

Sasa niwachokoze madereva wenyewe. Pikipiki hii kiti chake kimepimwa kwa dereva na abiria mmoja, na sheria yetu nayo inataka abiria mmoja. Wewe umepiga mshikaki, abiria wawili na mtoto katikati. Umesukumwa mbele mpaka umekaa juu ya tenki. Makalio yamesogea mbele, kanyagio limebaki palepale, kwa hiyo kanyagio sasa liko nyuma ya kiti chako na magoti yamekunjika kama ya panzi. Lazima utatafuta bampa! Hata ungekuwa na pikipiki ya milioni ngapi, ukikaa juu ya tenki miguu haitakaa sawa.

Mizigo nayo ni hivyo. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 hivi ukiacha dumu lenyewe. Funga manne, umebeba zaidi ya kilo 70, sawa na mtu mzima asiyejua kuegemea kwenye kona. Yakisogea mbele yanakusukuma wewe. Kwa hiyo kabla hujalilaumu kanyagio, angalia nani kakalia sehemu yako. Wengi tungefunga mzigo nyuma zaidi kwenye keria imara, au tungekataa dumu la nne, magoti yangepona bila fundi. Najua, dumu la nne ndiyo hela ya jioni. Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito kuliko picha za status.

Na abiria wenzangu, tusijitoe. Sisi ndio tunaosema "tubebe tu wote, ni hapo karibu". Sisi ndio tunaopanda bila kukunjua vikanyagio vyetu vya nyuma, miguu inaning'inia, halafu tunamkanyaga dereva kisigino akiwa anatafuta gia. Wengine tuna kovu la ekzosi kwenye mguu kwa sababu hiyohiyo. Kunjua kikanyagio, weka mguu, mwache dereva na miguu yake.

Bosi, hili ni lako

Nimebakiza mtu mmoja, na kwa maoni yangu ndiye mwenye neno kubwa kuliko trafiki. Madereva wengi pale Mwanga pikipiki siyo zao. Wako kwenye mkataba, kila jioni wanapeleka hesabu, na mpaka mkataba uishe pikipiki ni ya bosi. Bosi anasema: usiguse kitu, nataka chombo changu kama kilivyotoka dukani. Dereva akiomba kurekebisha pedeli anaambiwa asilete ujuaji. Lakini bosi huyohuyo hana shida dereva akibandika stika, akafunga spika, akavalisha tenki kava lenye manyoya.

Bosi, magoti yanayoendesha hiyo pikipiki siyo yako. Wewe unaijua kwa hesabu ya jioni, mwenzako anaijua kwa kiuno. Kuzungusha pedeli jino moja hakupunguzi thamani ya pikipiki hata shilingi, na mkataba ukivunjika unairudisha ilipokuwa kwa dakika kumi. Ukimkatalia marekebisho ya spana, atayafanya ya nondo, kwa siri, kwa fundi wa bei ya chini, na siku utakayoyaona ni siku unayoitwa Maweni kumwangalia wodini. Hiyo hesabu ya jioni utaipokea kwa nani?

Siku unayomkabidhi dereva pikipiki, mwambie apande mbele yako, akae, muite fundi, pedeli zipimwe kwa miguu yake. Mnapima kofia ngumu kichwani, mnashindwaje kupima breki mguuni? Na wewe dereva unayeanza mkataba mpya, liombe hilo mapema kabla hujaweka sahihi. Ukilidai baada ya mwezi utaonekana unalalamika.

Kwa yule ndugu yangu wa kwenye picha: waliokucheka wengi wao hawajawahi kupanda na mzigo kutoka Kibirizi saa saba mchana, wasikutishe. Ulichokitaka ni halali kabisa. Ila kabla hujashuka tena ule mteremko wa kwenda Stesheni, zing'oe zile nondo, tafuta spana, na uanze na jino moja.

Haya wadau, hasa mnaoendesha: pedeli yako imekaa ulivyoikuta dukani au umeipima kwa mguu wako? Na mabosi mliomo humu, mnaruhusu au mnakataa? Semeni, ila matusi tuyaache.